Soda ya Machungwa Shingoni

Kazi yangu ni kuchanganya marashi. Duka langu liko Kitengela, kando ya fundi wa viatu, na watu huleta chupa tupu niwajazie kwa sindano. Mtu akiniambia anataka kunukia kama bosi, namwuliza bosi gani. Sina subira na watu, ila harufu nazipa muda wote zinaoutaka.

Wiki tatu nzima nilitafuta harufu moja tu, ya dada yangu Rebecca. Alikuwa akinukia soda ya machungwa, ile dakika kizibo kinapotoka na gesi ikakurukia puani. Alifariki mwezi wa Machi, nikabaki na binti yake Yvonne, wa miaka sita. Kwetu Umaasaini mama mdogo ni mama, wala hakuna kikao kilichokaa kuamua. Lakini Yvonne aliniita Aunty, kwa adabu, kama anayeongea na mwalimu. Mimi nilitaka aniite yeyo, mama. Nilitaka mpaka nikaumwa.

Basi nikaamua kumrudishia mama yake kwa njia ya pua.

Machungwa hayaaminiki. Unayatia kwenye spiriti, yanakuchangamkia dakika kumi, halafu yanakuachia utamu mtupu. Nikaongeza ndimu, chenza, vanila kidogo, na tone la tangawizi ili pua ihisi gesi. Jioni upepo wa nyikani ulipoingia dukani nilifumba macho, na kila kitu kikawa rangi ya machungwa. Nikamwona Rebecca amekaa juu ya kreti, miguu inaning'inia, anacheka bila sauti. Nikafumbua, nikaona chupa tu. Nikafumba tena. Siku nyingine nilifika nyumbani bila kujua nimepita njia gani.

Jumamosi tulikwenda kwa Baba, Kajiado. Nikajipulizia shingoni, nikapiga magoti, nikamkumbatia Yvonne. Alinusa, mwili wake wote ukalegea, nami nikajua nimempata. Kisha akajitoa polepole akaniangalia usoni.

"Aunty, hii ni ya mum," akasema. "Wewe hauna yako?"

Akaenda zake kwa mbuzi.

Nililia nyuma ya boma, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Baba alikuwa hapo anamkata mbuzi kwato, nikammwagia yote, kwamba nimehangaika na mtoto amenikataa. Hakuacha kazi yake. Aliniuliza kama nakumbuka ng'ombe wetu mwekundu aliyefiwa na ndama, tukamvalisha ndama yatima ngozi ya yule aliyekufa ili ng'ombe anuse mtoto wake, akubali kunyonyesha. Nikamwambia nakumbuka, na ndicho nilichofanya.

"Hapana. Ndama hakuwa na shida," Baba akasema. "Ndama iko na njaa, itanyonya mahali popote. Mwenye alikuwa anakataa ni ng'ombe. Entito ai, binti yangu, huyu mtoto amekuja kwako mara ngapi?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini nikaanza kuhesabu. Kila Jumapili Yvonne aliniletea kitana nimsuke, nami nikampeleka kwa jirani, kwa sababu kisogo chake ni kisogo cha Rebecca kabisa. Asubuhi alinishika mkono, nami nikautoa nitafute funguo ambazo tayari nilikuwa nazo. Nilimkasirikia mtoto kwa kuwa yeye yupo na dada yangu hayupo. Sikuwahi kujiambia hivyo mpaka siku ile.

Nikachota maji, nikajisugua shingo kwa sabuni ya kufulia hadi machungwa yakaisha. Halafu nikaenda kwa mbuzi, nikaketi chini kwenye vumbi, nikamwambia Yvonne nataka kumsuka.

Alikaa katikati ya magoti yangu bila kuuliza. Nikafumua nywele na kile kisogo kikawa mbele yangu, na safari hii sikuangalia pembeni.

"Aunty, unalia?"

Nikamwambia ndiyo, namlilia mama yako. Akaegemeza mgongo kwangu, uzito wake wote. "Hata mimi," akasema, nasi tukalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Machi.