Ateri, Vena na Mikono Yangu

Haya ni kweli tupu, na kama nadanganya, nywele saba zilizobaki kichwani zidondoke sasa hivi.

Miaka thelathini nilitotolesha vifaranga kwa mashine. Mjukuu wangu, mtafiti wa mishipa ya damu, alikuwa na mgeni: mkuu wake, aliyekuja kuamua kama utafiti uendelee au ufungwe. Akaenda kumpokea getini, akaniachia maabara.

"Babu, usiguse kitu."

Niguse nini? Nilitazama tu. Mayai kumi na mawili yaliyokaa siku tatu kwenye mashine ya joto, yamelala ubavu, kila moja na alama ya penseli juu, pale ambapo angekata kidirisha cha kuchungulia ndani. Lakini kazini kwetu yai lisilogeuzwa lilikuwa dhambi! Kufumba na kufumbua, mikono ilishayageuza yote. Alama zikaenda chini. Nikachora nyingine juu, nzuri kuliko zake.

Mkuu akaingia, uso umekunjamana kama shati la jana. Mjukuu akakata kidirisha kwenye yai la kwanza. Moyo mdogo kama nukta ulikuwa unadunda, mishipa imetanda kama mizizi.

"Seli hizi zilianza zikiwa sawa," akaeleza. "Kisha ishara zikaja: nyingine ziwe ateri, za kutoa damu moyoni, nyingine vena, za kuirudisha. Kila upande una protini yake kwenye uso wa seli. Zikigusana, zinajua nani wa wapi, hazichanganyiki."

"Kama wakwe," nikadakia.

Mkuu akacheka. Mimi nikicheka na mtu, basi, breki hazishiki. "Mwenyewe nimezisikia asubuhi! Moja inasema, 'Sogea huko, hapa ni kwa ateri!' Nyingine inajibu..."

Mjukuu alikuwa ameinua yai la pili. Akalipindua. Alama juu, alama chini.

"Babu."

"Unaona? Zimepeana ishara, zikahama na ganda lao!"

"Ishara za seli zinapanga mishipa. Hazishiki penseli."

Nikatazama dari. Haikunisaidia.

"Uliyageuza lini, mzee?" mkuu akauliza.

"Kama... nusu saa iliyopita."

"Una bahati. Kiini kinajizungusha chenyewe, kiinitete kinarudi juu. Mishipa imekaa vizuri kabisa." Akamgeukia mjukuu. "Endelea na utafiti. Ila huyu mtafutie kazi."

Akanitafutia. Sasa niko kwenye sinki la maabara, trei arobaini, brashi moja. Yeye amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya babu, seli zinasemaje leo?"

"Zinasema nisugue pembeni."

"Basi zisikilize."