Mnyororo Uliokaa Kitako

Nahodha alibonyeza kitufe cha winchi, na mnyororo wa nanga ukaanza kuingia kwenye sanduku lake kule omo, mbele ya boti, ukidondosha tope. Mkewe alikuwa amepiga magoti akiusugua kwa brashi. Ulipokwisha kuingia, akachungulia.

"Leo shemeji amekaa vizuri," alisema.

Kwa kawaida mnyororo hurundikana kama kichuguu, na lazima uangushwe kwa fimbo usije ukakwama. Huu mpya ulijipanga kwa umbo la mdogo wake nahodha: magoti yamekunjwa, kidevu kifuani, hata lile sikio lake lililochomoza. Kila mara nahodha alifunga ncha ya mnyororo kwenye pete ya sandukuni, na kila mara aliikuta imefunguka, imeshikwa mkononi. Mkewe alishazoea. Akishapanga sitaha ya mbele, kamba upande huu, ndoo upande ule, alikiacha kifuniko wazi kidogo ili shemeji apate hewa.

Mnyororo wa zamani uko chini ya bahari. Nahodha aliufungua mwenyewe kwenye pete kuondoa msokoto, akaitwa kula, akasahau kuufunga tena. Upepo ulipochafuka wakashusha nanga, mnyororo wote ukapita ukaenda zake, na boti ikabamiza mwamba. Mjomba wao, mwenye boti, aliuliza nani hakufunga. Kufunga ilikuwa kazi ya mdogo. Nahodha alitazama viatu vyake. Mdogo akashushwa na mfuko wake wa nguo, na tangu hapo hakuna boti iliyomchukua. Sasa anauza rangi dukani, na kuuza hakujui.

Jumamosi alileta kopo la rangi ambalo shemeji yake aliagiza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Alisogea omo, akainua kifuniko. Alijitazama kwa muda.

"Nimenenepa," alisema.

"Ni ile zinki ya kuzuia kutu," mkewe nahodha alisema. "Inaongeza mwili."

"Na hapa nimeshika nini?"

Nahodha alijua hii ndiyo nafasi yake ya kukiri.

"Ncha," alisema.

Mdogo aliichukua taratibu kutoka kwenye mkono ule wa chuma, akaifunga kwenye pete, akaivuta kwa nguvu, akaivuta tena.

"Mimi nilikuwa na hakika kwamba nilifunga," alisema. "Lakini wewe ulikuwepo, kaka, na hukunitetea. Basi nikajua nilisahau. Mwambie mjomba siku hizi sisahau."

"Nitamwambia."

Mdogo alishukuru, akashuka gatini. Fundo lile halikufunguka tena. Nahodha alichukua fimbo, akaanza kuangusha mnyororo kuanzia kichwani, kama kazi inavyotaka.

"Polepole," mkewe alisema. "Unamuumiza."

Kule gatini mdogo alishika sikio lake, akaendelea kutembea kuelekea dukani.