Hodi kwa Mitchelle

Mashine ni mashine, lakini ile ya Gedi pale Jogoo Road haina adabu hata kidogo. Nimeishi Makongeni tangu mume wangu Phares aanze kazi ya reli, nimegombana na watu wa kila aina, na hakuna aliyewahi kuniziba mdomo. Ile mashine iliniziba siku niliyokuwa na neno moja tu la kusema.

Phares alikuwa amefariki Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na lori la kumpeleka nyumbani Maragoli lilikuwa liondoke kesho yake. Binti yetu Mitchelle, aliyekuwa Amerika, hakujua lolote. Alikosana na babake alipoacha chuo. Mzee alimfokea kwenye simu ya jirani, akamwambia asipige tena, na mtoto naye, kichwa ngumu kama babake, akahama bila kuacha namba. Lakini hospitalini Phares alinishika mkono akasema, "Mwambie Mitchi yaliisha. Sina neno naye." Hilo ndilo nililobeba, na nilitaka alisikie kabla hatujamfukia babake.

"Kuna mahali pengine bado anaingia," akaniambia Patrobas, kitinda mimba wangu. Mahali penyewe ni mchezo. Watu wa dunia nzima wanaingia kwa kompyuta. Hakuna picha, ni maandishi tu: mara uko pangoni, mara uko sokoni, na wote wanaongea kwa kuandika. Yeye na dadake walikuwa wakikutana humo kila Alhamisi jioni, mpaka baba akamkataza Patrobas.

Basi tukaenda kwa Gedi, kwenye cyber yake ya kompyuta za kukodi. Patrobas akanieleza kwamba humo unaweza kumnong'oneza mtu mmoja, mradi awe ndani, au upaze sauti waone wote. Mitchelle hakuwamo bado.

"Basi paza," nikasema. "Huenda kuna anayemjua. Na uanze na hodi, usiingie kwa watu kama mwizi."

Akaandika: "Hodi. Namtafuta Mitchelle wa Nairobi." Watu wakaendelea na habari zao za mapanga na majoka.

"Rudia."

"Mathe, huku watu hawapendi kurudiarudia."

"Wee! Hodi hupigwa mara moja tangu lini? Piga mpaka mtu aitikie."

Akarudia. Patrobas akasema mchezo umetuonya tusirudie. Nikamuuliza mchezo ni nani, hata unionye mimi niliyefiwa. "Piga ya tatu!" Akapiga, halafu akashika kichwa.

"Wametuziba, Mathe. Saa nzima. Tunaona wanachosema, lakini chetu hakionekani. Hata kunong'ona hatuwezi."

Akajaribu jina lingine, likakataliwa. Akahamia mashine ya pili, hivyo hivyo. Gedi akaja kutazama. "Mama, zote zinapita laini moja. Wakifunga moja wamefunga zote. Ngojeni tu."

Hatukungoja sana. Yakatokea maneno: "Mitchelle ameingia." Nilipiga kigelegele, Mungu anisamehe, na maiti iko mochari.

"Patro! Siamini," Mitchelle akaandika. "Nimeona jina lako kwenye orodha ya waliomo. Mama hajambo?"

"Sijambo! Mwambie sijambo!" Nilipiga kelele, cyber nzima ikageuka.

Patrobas alikuwa anagonga herufi kama mwendawazimu, na kila akimaliza sentensi mchezo unamrudishia yale maneno kwamba tumezibwa. Upande wa pili mtoto wangu alikuwa anaona jina la nduguye limekaa tu, limenyamaza.

"Patro? Najua upo. Unasoma na hujibu. Ni Baba, sivyo? Bado amekukataza kuongea na mimi."

"La! La, mwanangu, yaliisha!" Nilikishika kile kioo kwa mikono miwili. Gedi alikuja kunitoa, alipoona uso wangu akaniacha.

"Sawa," Mitchelle akaandika. "Mwambie Baba nimeelewa. Sitawasumbua tena."

Halafu jina lake likapotea. Patrobas akakaa bila kugusa chochote. Nilimuuliza kama dadake ameenda kulala, kama atarudi kesho. "Si kutoka tu, Mathe," akasema. "Amejifuta. Mitchelle hayumo tena humu."

Niliketi pale pale mpaka saa ikaisha, mashine ikaturudishia mdomo. Patrobas akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike yale yale: Mitchi, babako alisema yaliisha, hana neno nawe. Akaandika, akapaza sauti kwa wote.

Kuna mtu mmoja alijibu, sijui wa nchi gani. Patrobas akanisomea. Alisema haelewi lugha hiyo, na je, tunauza upanga?

Nikafunga leso yangu, tukaenda kupanga vitu vya lori.