Sikio na Kelele ya Chini ya Gari

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na anakiri mwenyewe bila kushikiwa kiboko. Ni fundi magari, jina la utani Sikio, kwa sababu hujigamba kwamba gari likikohoa tu, ameshajua linaumwa wapi.

Jumatatu ilikuwa mapumziko. Basi Jumamosi asubuhi akampakia mkewe na mama mkwe, wakashika njia ya kamji ka pwani kule barabara inakoishia. Mama mkwe hakuwahi kuiona bahari tangu azaliwe. Gari lenyewe Sikio alikuwa amelifungua na kulifunga wiki nzima, asije akaaibika mbele ya mkwe.

Lami ilipokwisha tu, chini kukaanza: kang'a, kang'a, kang'a.

"Gari lako linalia," mkewe akasema.

"Gari langu halilii. Ni mizigo ya Mama hiyo."

"Haya. Mwenye kitu kinacholia ataosha vyombo mpaka tunarudi nyumbani."

"Nimekubali!" Sikio akadakia, kifua mbele.

Akasimamisha gari. Masufuria ya mama mkwe yakaviringishwa kwenye shuka. Kang'a, kang'a. Akasimama tena, chupa ya chai ikapakatwa kama mtoto mchanga. Kang'a, kang'a. Akaona haya kidogo, lakini akaomba na bangili.

"Chukua," mama mkwe akazivua. "Na haya meno yangu ya bandia je, mwanangu? Niyatoe, au yenyewe huyashuku?"

Mke akacheka mpaka machozi. Sikio akakaza uso, akakanyaga mafuta.

Walipofika, mama mkwe alivua viatu na kuingia majini na binti yake, wakipiga mayowe kama wanafunzi walioachiwa mapema. Sikio akapata upenyo, akatambaa chini ya gari. Juu ya bamba la kukinga injini ilikuwa imejilaza spana yake kubwa, ileile aliyomgombeza jirani kwamba kaiiba. Akaitumbukiza mfukoni, kwenye funguo, akajipangusa vumbi.

"Umegundua nini?" mama mkwe akauliza, gauni limelowa hadi magotini.

"Hamna kitu, Mama. Ni barabara tu, mashimo yale."

Akageuka haraka kwenda kushusha mizigo. Kang'a, kang'a, kang'a, kila hatua.

Mama mkwe akamfuata na beseni la vikombe vya chai ya njiani, akamkabidhi mikononi.

"Shika, mwanangu. Barabara imekufuata mpaka mfukoni."