Zamu ya Tirzah

Kitendawili! Mwanangu nampakata kifuani kila asubuhi, wala hanyonyi wala halii. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Nipe mji, na usinipe kijiji. Haya, umenipa, nikaenda, nikala, nikashiba, nikarudi. Jibu ni mkono. Mkono wa mtoto wa shule wa Marekani, saa mbili na dakika kumi asubuhi, bendera ikining'inia kando ya ubao. Watoto mia nne na ushee wa shule ile ya Ohio waliweka mikono vifuani wakaiapia bendera utii kwa pamoja, na mmoja tu aliuacha wake ukilala ubavuni. Alisimama wima, kimya, kwa adabu zake, kama mgeni kwenye arusi ya wenyewe.

Huyo ndiye Tirzah Lundgren wa darasa la tano. Kwao ni Mashahidi wa Yehova, na Mashahidi hawaapii bendera, iwe ya nani iwe ya nani.

Bi. Verna Pruitt, karani wa shule, alilijua jambo hilo tangu Tirzah yuko chekechea. Alilijua na halikumkaa vizuri. Nyumbani kwake, juu ya meko, kulikuwa na bendera ya marehemu mumewe Dale, aliyekuwa askari, imekunjwa pembe tatu ndani ya kioo, vile vile alivyokabidhiwa na askari siku ya maziko. Basi kila alipopita dirisha la darasa na kuuona ule mkono mmoja umelala, kitu kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Lakini hakusema. Mtoto wa watu utamwambia nini?

Sasa, Bi. Verna ndiye aliyekuwa mlinzi wa kipaza sauti. Kwa miaka ishirini na miwili kilikaa mezani pake, kati ya simu na chupa ya peremende, na hakuna aliyekigusa bila ruhusa yake. Kila asubuhi mtoto mmoja wa darasa la tano alikuja kuwasomea wenzake matangazo: kwanza kiapo, halafu siku za kuzaliwa, halafu hali ya hewa, kama mapumziko ni nje au ndani, na mwisho chakula cha mchana. Zamu zilikwenda kwa alfabeti ya majina ya ukoo, na zamu ilikuja mara moja tu. Ukiikosa, unahamia shule ya kati hujasikika maisha yako.

Jumatatu moja ya Januari Bi. Verna alibandika majina ya wiki mlangoni. Hata wino haujakauka, Tirzah akaingia.

"Bi. Pruitt, jina langu limeanguka."

"Halikuanguka, mwanangu. Nimeliruka. Nilidhani nakufanyia wema."

"Kwa nini?"

"Si kuna kiapo? Nawe huapi."

"Siapi," Tirzah alikubali. "Lakini kusoma nasoma. Nimekuwa nikifanya mazoezi tangu Septemba. Mama amechoka kusikia habari za viazi vya kuponda."

Bi. Verna akataka kucheka, akajizuia. "Haya, tuseme kiapo nampa mwingine. Siku za kuzaliwa utasoma?"

Tirzah akakuna shingo. "Hizo pia hapana. Sisi hatusherehekei."

"Mtoto wewe! Kiapo hapana, kuzaliwa hapana! Sasa umebakiza nini?"

"Hali ya hewa, mapumziko na chakula," akasema Tirzah, akihesabu kwa vidole. "Na ndivyo vitu watu wanavyovisubiri, Bi. Pruitt."

Hapo hakudanganya. Mlango wa pili ukafunguka, mwalimu mkuu, Bwana Haskell, akachungulia na kikombe chake cha kahawa.

"Verna, sheria haimlazimishi mtoto yeyote kuapa. Tangu bibi yako yuko hai."

"Nani kamlazimisha? Nimemruka tu."

"Basi kumruka ndiko kumwadhibu," akasema, akanywa funda moja, akafunga mlango. Bwana Haskell alikuwa mtu wa kurusha jiwe na kurudi ndani.

Bi. Verna akabaki na mtoto, na ule mwiba ukampanda kooni. Safari hii ukatoka.

"Hebu niambie ukweli, mwanangu. Sigombi. Wenzio wanapoapa, wewe umesimama pale kimya, unafanya nini?"

Tirzah akafungua mdomo, kengele ikalia, na karani yule yule aliyeuliza ndiye aliyelazimika kumwambia kimbia darasani.

Zamu ikapangwa Jumatano. Kiapo na siku za kuzaliwa akapewa Brenna Kaczmarek, rafiki yake Tirzah, msichana wa maneno mengi ambaye zamu yake ilimpita wiki iliyopita kwa sababu aliugua tumbo.

"Nitaapa!" Brenna alipiga kelele ukumbini. "Nitaapa mara mbili mkitaka! Nitaapa na kinyumenyume!"

"Mara moja inatosha," akasema Bi. Verna. "Na usitafune bablishi."

Jumatano theluji ilikuwa imeanguka mpaka magotini, jua likatoka juu yake, na shule nzima ilikuwa na swali moja tu: nje au ndani? Bi. Verna akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka. Brenna akaweka mkono kifuani, akainama kwenye kipaza sauti.

"Naahidi utii wangu kwa bendera ya Marekani, na kwa..."

Akakwama.

"Na kwa," akarudia Brenna. Macho yakamtoka. Kila siku aliapa katikati ya sauti ishirini na tano zilizombeba kama maji. Leo maji yamekauka.

Bi. Verna akataka kumwokoa. Akafungua mdomo, na we! Hakuna kitu. Maneno aliyoyasema miaka yote ile yalikuwa kama uzi uliozungushiwa kijiti: hushiki katikati, lazima uanzie mwanzo. Na mwanzo ulikwisha pita.

Akamtazama Tirzah. Tirzah alikuwa anajua. Ilionekana usoni mwake wazi kama mchana kwamba neno lile analo, liko pale nyuma ya meno. Brenna naye akamtazama, macho yakibubujika. Taa nyekundu inawaka, watoto mia nne wanangoja.

Ajabu ya mambo, Bi. Verna, mwenye bendera juu ya meko, akajikuta anaomba moyoni: usiseme, mwanangu. Si kwa kubanwa namna hii.

Tirzah hakusema. Alimshika Brenna mabega, akamzungusha kama unavyozungusha kiti, mpaka akakabili ukuta wa nyuma. Kisha akanyanyua kalenda ya duka la vifaa vya shamba iliyotundikwa hapo. Chini yake kulikuwa na fremu ya zamani yenye vumbi, na ndani yake kiapo chote, herufi kubwa.

"...na kwa jamhuri inayowakilishwa nayo," Brenna akasoma kwa sauti kama ya kupasua jiwe, akaenda moja kwa moja hadi haki kwa wote, akawataja watoto wawili wenye siku ya kuzaliwa, akakaa chini.

Tirzah akasogea. Akashusha pumzi.

"Habari za asubuhi. Digrii ishirini na nane za Fahrenheit, baridi ya kugandisha, lakini jua kali. Chakula ni kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda na pichi za kopo." Akatua, akawaacha wachemke, jinsi alivyofanya mazoezi tangu Septemba. "Na mapumziko, mabibi na mabwana, ni nje."

Kelele zilizotoka madarasani zilitikisa chupa ya peremende.

Bi. Verna akazima taa. Akampa Tirzah peremende mbili badala ya moja, na Brenna moja ya kufuta machozi.

"Hiyo fremu hata mimi nilikwisha isahau," akasema. "Nawe hujanijibu swali langu."

Tirzah akahamisha peremende kwenye shavu la pili.

"Huwa nasikiliza," akasema. "Brenna tangu darasa la pili akifika kwenye 'jamhuri' anamung'unya tu. Ndiyo maana nilikuja hapa jana kuangalia kama kiapo kimeandikwa mahali."