Shemeji wa Masjala ya Siri

Siku ile mjinga alikuwa Agustino, na hilo halina ubishi. Hata yeye ukimuuliza, huinua mkono kabla hujamaliza swali.

Alikuwa mtunza masjala ya siri katika ofisi moja mjini Morogoro, chumba chenye nondo dirishani, ambamo simu huachwa mlangoni. Humo kila karatasi ina muhuri wake: SIRI SANA, SIRI, au WAZI. Isiyogongwa muhuri huhesabiwa siri mpaka aliyeileta aulizwe, na sharti aulizwe siku hiyohiyo. Agustino aliipenda mno nusu ya kwanza ya kanuni hiyo.

Jumatatu, katikati ya majalada aliyoyaleta Bi Hafidha, mkuu wake, kulikuwa na tangazo la kubandikwa vijijini: barabara ya Mgeta itafungwa kuanzia Alhamisi, miamba inapasuliwa. Muhuri, hakuna. Bi Hafidha alikuwa chumba cha pili tu, anakunywa chai. Kumuuliza kungempunguzia Agustino ukubwa kidogo. Akalifungia kabatini, akatikisa funguo kama padri aliyefunga tabernakulo.

Mchana, akiwa nje, simu ikaita. Veronika, mjane wa kaka yake, mkulima wa kabeji huko Mgeta. Kabeji za msimu ule ndizo zingempeleka binti yake Neema chuo cha uuguzi.

"Shemeji, nasikia barabara itafungwa. Wewe uko na wakubwa, ni kweli?"

Agustino akakohoa kibosi. "Hiyo siri ya serikali, shemeji. Nikikwambia watanifunga, na wewe ukiniletea mapishi yako yale, nitakufa mahabusu."

Veronika alicheka mpaka simu ikakwaruza. Tangu aolewe, shemeji huyu hajamjibu swali bila utani. Akaona mtu mwenye habari mbaya hawezi kuchezea maneno namna ile. "Haya, mfungwa," akasema, akakata simu. Jumatano akavuna shamba zima, Alhamisi alfajiri akapakia lori la kwenda Dar.

Lori likakwama kwenye kizuizi, mbele mawe, nyuma matope. Mvua, jua, mvua tena. Barabara ilipofunguliwa wiki iliyofuata, harufu ya kabeji ilitangulia kufika Dar, mzigo wenyewe ukamwagwa korongoni. Neema akatoa nguo zake kwenye begi, akazikunja upya, akazirudisha sandukuni.

Habari zilipomfikia Agustino, Jumapili baada ya misa akapanda Mgeta na mfuko wa sukari. Njia nzima alikuwa akinoa mzaha wa kuanzia. Ulimfia mdomoni alipomkuta Neema shambani, jembe mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo," binti akasema, akaendelea kulima.

Veronika alikuwa jikoni anachambua njegere. Hakumkaribisha kigoda.

"Shemeji, tangazo la barabara nililifungia kabatini, lakini ningejuaje kuwa ni la wazi?" Agustino akaanza. "Kanuni inasema lisilo na muhuri ni siri."

"Na mwenye karatasi ulimuuliza?"

"Sikumuuliza." Pale pale angenyamaza, ingekuwa heri. Lakini mdomo ulishazoea kumtangulia. "Ila na wewe, shemeji, ungeuliza kwingine. Majirani zako mbona hawakupakia?"

Veronika akaweka ungo chini.

"Majirani hawana ndugu ofisini, ndiyo maana walishuka kumuuliza dereva wa katapila. Mimi nilikuwa na ndugu."