Labeka ya Chumba cha Nyuma

Wewe ukiitwa jina lako mara moja tu, baada ya magharibi, na humwoni anayekuita, unaitika? Mimi siitiki. Kwetu Unguja tulilelewa hivyo, na hapa Sur, Omani, nikawalea wanangu na wajukuu vivyo hivyo: mara ya kwanza nyamaza, ya pili nyamaza, ya tatu ndiyo uitike, maana kisichokuwa binadamu hakiwezi kuita mara tatu. Mjukuu wangu Tamima alilishika hilo tangu mdogo. Ndilo lililotutia mashakani.

Tamima yuko mwaka wa mwisho wa skuli. Wamepewa nafasi ya kusoma masomo ya chuo hali bado wako skuli. Ukifaulu, somo linaandikwa kwa jina lako, na ukienda chuo unahama nalo, hulisomi tena.

"Bibi," aliniambia, "ni kama kupika futari tangu asubuhi. Ikifika magharibi wenzako wanahangaika jikoni, wewe unakula."

Anataka kwenda Nizwa kusomea ufamasia, amalize mapema, nimwone na koti lake jeupe ningali naona. Macho yangu yanakufa, naye anajua.

Darasa lenyewe ni la kwenye kompyuta, baada ya magharibi. Alisomea chumba cha nyuma, katika nyumba yetu hii ya mtaa wa Aija, kwa sababu ndicho kisicho na kelele. Wenzake wako miji mingine, wengine Ibra, wengine Nizwa. Mwalimu wao, Ustadha Lamees, huita majina kwanza. Anaita mara moja tu.

Jioni ya mwanzo nilikuwa ukumbini natoa tende kokwa. Nikasikia, "Tamima bint Marhun?" Kimya kidogo. Kisha:

"Labekaaa!"

Kisu kikasita mkononi. Watoto wa siku hizi hawaitiki labeka. Na sauti ile ilikuja mbio mbio, kama ya msichana anayepanda ngazi. Ndipo nikamsikia Tamima mwenyewe: "Naam, ustadha, nipo."

Kijana wa Ibra, Khattab jina lake, akacheka. "Tamima kaja na mwangwi wake!"

Alipotoka nikamuuliza, "Nani yumo ndani na wewe?"

"Hamna mtu, bibi. Mimi nilidhani ni wewe unanitania."

Nikamshika mikono. Baridi, kama katoka kushika barafu.

Ikawa kila darasa ndivyo. Tamima anasita, kama nilivyomfunza, na kwenye kimya kile kidogo mwingine anaingia. Ustadha Lamees akachoka. "Nasikia watu wawili," akasema. "Mtihani wa mwisho ni wa mdomo. Nikisikia sauti ya pili nitajua kuna anayekusaidia, na somo halitahesabiwa."

Tamima akalia mapajani mwangu. "Najaribu kuitika haraka, bibi. Ulimi unaganda, yeye ananitangulia."

Asubuhi yake nilifagia chumba kile, nikatandua kitanda, nikafuta madirisha. Nikiwa nimeshika kitambaa ndipo nilipokumbuka. Humu ndimo alimougulia mdogo wangu Asya. Tulipokuja kutoka Unguja alikuwa rika la Tamima, na skuli ya wasichana huku ilikuwa bado. Kila kukicha alisuka nywele, akavaa kanzu yake nyeupe ya skuli ya Unguja, akakaa kitako kungoja ifunguliwe. Ilipofunguliwa tulikuwa tumeshamzika. Na mama akimwita, alikuwa akija mbio, na labeka yake ndefu.

Siku ya mtihani niliweka kiti ukumbini, mkabala na changu. Nikafukiza udi kama ninavyomfukizia mgeni, nikamimina kahawa vikombe viwili. Mlango wa chumba nikauacha wazi kidogo. Sijapata kuita jina la aliyekufa baada ya magharibi.

Nikasikia, "Asaad bin Hud?" Nikajua anayefuata ni Tamima. Nikatangulia.

"Asya!"

Chumbani: "Tamima bint Marhun?"

"Naam, ustadha, nipo!" Papo hapo, sauti moja tu.

"Haya. Tuanze."

Mlango ukasukumika. Upepo hakuna. Nyayo tupu zikaja mbio juu ya marumaru, zikakoma mbele ya kiti. Macho yangu mabovu, lakini kiti nilikiona, kilikuwa kitupu. Kahawa ya kikombe cha pili ikatikisika.

"Labekaaa."

Nilikaa vile vile, nikimsikiliza Tamima akijibu swali baada ya swali, mpaka Ustadha Lamees akasema, "Ahsanti, Tamima. Somo lako limehesabiwa."

Ndipo nikakigeukia kiti.

"Asya, mdogo wangu. Siku zote hizi unaitikia jina la mtoto. Ulikuwa unataka nini?"

Pumzi ya baridi ikanigusa sikio.

"Da Azza, nilitaka na mimi niitwe, darasani."